Mbili ya Begani

Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi, na hesabu aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo wenzake wakiiona hufunga daftari na kuomba ruhusa ya kwenda nje: hesabu yenye herufi ndani yake. Ukimuuliza eksi ni nini hakuudhika. Alikuwa akisema eksi ni mgeni ambaye hajafika, tumemwekea kiti, akija tutamjua jina. Watoto walicheka, halafu wakaelewa. Wengine walicheka tu.

Walimwita Tazamajuu. Si kwa maringo, maana bwana yule hakuwa na maringo hata ya kupaka viatu rangi. Walimwita hivyo kwa sababu ya wimbo aliouimba kila mwaka alipofika kwenye polinomia: kusanya, hesabu, tazama juu. Ukipita nje ya darasa lake ulisikia watoto wanaupiga kwa viganja juu ya madawati, na yeye anatembea katikati yao na chaki mkononi, shati limejaa unga mweupe kama mtu wa kinu.

Sasa polinomia ni nini, isije mtu akadhani ni dude. Ni mafungu ya eksi yaliyoshikanishwa kwa kujumlisha na kutoa, na kazi ya mwanafunzi ni kujua kila moja ni ya aina gani, vile unavyochambua nguo kabla ya kufua, nyeupe huku, za rangi kule. Kwanza unakusanya yanayofanana. Kisha unahesabu mafungu yaliyobaki, maana yenye fungu moja ina jina lake, yenye mawili ina lake, na yenye matatu nayo ina lake. Mwisho unatazama juu, kwenye ile nambari ndogo iliyokaa begani kwa eksi. Nambari hiyo inaitwa kipeo. Kipeo kikubwa kuliko vyote ndicho kinachoipa polinomia daraja lake: mbili begani, daraja la pili; tatu begani, daraja la tatu.

Na hapo ndipo penye balaa lote. Eksi yenye mbili begani ni eksi iliyozidishwa kwa eksi. Eksi iliyosimama na mbili kando yake, kimo kimoja, ni eksi mbili tu, basi. Nambari ni ile ile, herufi ni ile ile. Kinachotofautisha ni mahali ilipokaa. Mwalimu alikuwa mpole kwa mengi lakini hapo hakuwa na huruma. Mtoto akishusha kipeo kutoka begani, alikata kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. "Hiyo mbili umeitoa chumbani umeilaza jikoni," alimwambia. "Nyumba si hiyo tena."

Alikuwa na mtego aliowategea kila darasa jipya. Aliandika ubaoni: tano eksi yenye tatu begani, jumlisha mbili eksi, toa tano eksi yenye tatu begani, jumlisha saba. Watoto, mbio mbio, waliona ile tatu begani wakapiga kelele kwamba ni daraja la tatu. Alikaa juu ya meza yake akacheka mpaka akajifuta kwa mkono wa shati. Aliwaambia wametazama juu kabla ya kukusanya. Hao wawili wenye tatu begani wameshamalizana zamani, mmoja amejumlishwa na mmoja ametolewa, nyinyi bado mnawapakulia chakula. Kilichobaki ni mbili eksi na saba, mafungu mawili, daraja la kwanza. Mtu mmoja nyuma akasema ahaa. Mwalimu aliishi kwa ajili ya hiyo ahaa. Mshahara ulikuwa wa mke wake.

Kisha macho yakaanza.

Alianza kugonga pembe za madawati kwa nyonga. Akaanza kukosa kuitikia salamu za watu waliompita kando, watu wakasema uzee umempandisha mabega. Mke wake akamvuta mpaka hospitali ya macho, na daktari, kijana mwenye sauti ya chini, akamtazama ndani ya jicho kwa taa kisha akazima taa na kukaa. Alimweleza kwamba ni presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni ikija katikati, na kilicholiwa hakirudi. Alimpa matone. Matone hayaponyi, alimwambia mara mbili, yanashika kile kilichobaki, na yatiwe asubuhi na jioni bila kukosa. Mwalimu alitikisa kichwa kama mwanafunzi msikivu. Nje ya mlango akamwambia mkewe asijue mtu.

"Kwani mimi ni redio?" mkewe akamjibu.

Kuficha ugonjwa si jambo la akili, lakini msimhukumu upesi. Shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa hesabu. Wa fizikia alipoondoka, kiti chake kilikaa kitupu mwaka na zaidi, na kipindi cha fizikia kikawa kipindi cha kupiga ngoma juu ya madawati. Darasa la mwisho, ambalo Mwalimu alilipokea likiwa halijui hata kutoa nambari hasi, sasa lilikuwa limebakiza mwaka mmoja kufika kwenye mtihani wa taifa, na lilikuwa limeiva. Alijua akisema macho yamekwisha, atashukuriwa kwa maneno mazuri, atapewa saa ya ukutani, na watoto wataachwa na kiti. Alitaka jambo moja tu: awafikishe. Awafikishe kwenye chumba cha mtihani, wapite, kisha yeye akae gizani akipenda.

Basi wakajipanga, yeye na mkewe. Ubaoni aliandika kwa mazoea, mkono wenyewe ulijua njia. Shida ilikuwa madaftari. Mke wake alisoma madarasa ya mwanzo tu, lakini nambari alizijua na herufi alizijua, kwa hiyo ikawa kila jioni, vyombo vikishaoshwa, anakaa karibu na dirisha kabla jua halijazama, anamsomea madaftari, na Mwalimu anamwambia pa kuweka vema na pa kukata.

"Nne, eksi, mbili," mkewe akisoma.

"Mbili iko juu au chini?"

"Iko pale pale."

"Pale pale wapi? Juu au chini?"

"Mwalimu, hii ni nambari, si kuku wa kupanda dari." Kisha anasogeza daftari kwenye mwanga. "Haya, iko juu. Ndogo kama yai la chawa. Hawa watoto wanaandika hivi wanamkomoa nani?"

Walicheka, nao walichoka. Usiku kichwa kilimuuma mke, na yeye Mwalimu alilala macho wazi akifikiria kwamba kazi yake yote ya maisha sasa imetundikwa kwenye swali moja, juu au chini. Maana ugonjwa ule ulikuwa umemwachia tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ndani ya tundu hilo aliiona eksi. Akisogeza kichwa, aliona kitu kando yake, kidogo, chenye ukungu. Lakini hakuweza tena kuviona vyote viwili kwa pamoja, ajue kipi kimemkalia mwenzake begani.

Mwalimu mkuu, mama mmoja wa historia ambaye naye zamani alipita mikononi mwake, alimsimamisha koridoni siku moja akamuuliza kwa adabu macho yanaendeleaje. "Yako pale pale, usoni," akamjibu, na mama yule akacheka ikaisha. Hakuwa mtu wa kumbana mwalimu wake.

Kuna jambo ambalo Mwalimu alikuja kulijua baadaye, na bora lielezwe hapa hapa ili lisimzungushe mtu. Darasa lilikuwa na kiranja, binti mrefu, mtoto wa fundi cherehani, msichana wa maneno machache ambaye hesabu zilimkaa kichwani kama zimezaliwa naye. Mama yake, ndiye fundi mwenyewe, alikwisha kumwambia: ukifaulu utaendelea, usipofaulu cherehani ya pili ipo, kitambaa kipo. Hakumwambia kwa ukali. Ndivyo ilivyokuwa. Jioni moja kiranja alileta nyumbani madaftari yaliyosahauliwa, akafika chini ya dirisha, na kabla hajabisha hodi akasikia. Juu au chini? Chini. Hapana, juu. Ngoja. Juu. Alisimama pale na madaftari mikononi mpaka akaelewa, kisha akayaweka kizingitini taratibu akaondoka.

Kesho yake, kabla Mwalimu hajaingia, alisimama mbele ya darasa akawaambia wenzake. Hakuna aliyecheka, hata wale wa nyuma. Wakaanza kubishana wafanye nini. Wengine walisema waende kwa mwalimu mkuu, wakanyamazishwa, maana kila mtu alikuwa anakiona kile kiti cha fizikia. Mwishowe kiranja akasema: tumwandikie kubwa. Kipeo kisiwe kidogo tena, kiwe na kimo cha herufi yenyewe, kisimame kando yake wima, akione. Nambari iliyo mbele ya eksi ni ya kuzidisha, iliyo nyuma yake ni kipeo, sisi wenyewe tunajuana. Siku ya mtihani tutaandika ndogo.

Watoto hao walimpenda, asikudanganye mtu. Walifanya kitu ambacho hakuna darasa lingine duniani lingefanya.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu alifungua daftari la kwanza kwa mazoea tu, kabla mkewe hajakaa, na akaona. Ndani ya lile tundu lake iliingia eksi, safi. Akasogeza kichwa. Ikaingia mbili, nyeusi, nene, na shingo na mkia wake. Akasogeza tena. Tatu. Alifungua daftari la pili, la tatu, yote yanasomeka. Akaita jikoni kwa sauti ambayo mkewe hakuisikia tangu walipokuwa vijana. Mke alikuja na mikono ya unga akamkuta analia.

"Matone," alisema. "Matone yamefanya kazi, mama watoto."

Mkewe alimtazama. Alitaka kumkumbusha daktari alisema nini, tena alisema mara mbili. Lakini uso wa mumewe ulikuwa umefunguka kama mlango, na yeye alikuwa amechoka na mayai ya chawa. Akasema Mungu mkubwa, akarudi jikoni.

Kuanzia hapo Mwalimu akawa mtu mwingine. Alisahihisha peke yake, anapiga mluzi. Pembe za madawati aliendelea kuzigonga, na chai aliendelea kuimimina kando ya kikombe, lakini akasema hiyo ni haraka, si macho. Mtu akitaka kupona hakosi ushahidi. Kwake kipimo cha macho hakikuwa chai, kilikuwa daftari, na daftari lilisomeka. Mkewe siku moja aliokota daftari mezani akalitazama akasema mbili za watoto siku hizi zimenona, wanazilisha nini. Mwalimu akacheka, akamwambia macho yako ndiyo yamepona, tumepona wote. Hakumwomba amsomee. Ile juu au chini hakuiuliza tena, kila nambari iliyofuata eksi aliihesabu iko begani.

Chupa ya matone ilipokwisha hakwenda kuchukua nyingine. Mkewe alipomuuliza alijibu kwamba mtu aliyepona hanywi dawa. Wakagombana siku mbili, hawasemezani, chakula kinawekwa mezani kwa kishindo. Kisha yakaisha kama yalivyokuwa yanaisha siku zote, mmoja alipomtafuta mwenzake amkune mgongo. Ila dawa hakufuata.

Mtihani wa majaribio aliutunga mwenyewe na kuusahihisha mwenyewe. Aliweka mtego wake wa zamani ndani yake, na hakuna mtoto hata mmoja aliyenaswa. Walikusanya, wakahesabu, wakatazama juu. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba katika miaka yake yote hajapata darasa kama hili, hata lile alilosoma yeye mwalimu mkuu, asiudhike. Mama yule alifungua madaftari mawili matatu, akaona wekundu wa vema kutoka mwanzo hadi mwisho, akafurahi. Hesabu ilikuwa imempita pembeni tangu akiwa msichana. Historia haina mabega.

Watoto waliingia kwenye mtihani. Mwalimu alikaa chini ya ukuta wa shule na viatu vyake vyenye vumbi akawasubiri watoke, na walipotoka walimwambia ulikuwa rahisi. Kiranja ndiye hakusema kitu. Alimwamkia, akaitikiwa, akaenda zake. Mwalimu alidhani ni uchovu.

Miezi ya kusubiri matokeo ilimkuta giza linamjia haraka. Mwanzo alilitolea sababu, taa mbovu, mawingu, kisha sababu zikaisha. Siku moja asubuhi alimuuliza mkewe kwa nini bado hajafungua madirisha, na mkewe alikuwa amekaa mbele ya dirisha lililo wazi anachambua mchele, jua limemjaa mapajani. Aliinuka akayafungua yale madirisha yaliyo wazi, akayagonga gonga ili asikie. Lakini hata siku hiyo Mwalimu hakuvunjika. Alisema si kitu, wameshafika. Nimewafikisha.

Matokeo yakaja. Mwalimu mkuu alimtumia mtu amwite, na mkewe akamshika mkono mpaka mlangoni mwa ofisi, akabaki nje kwenye benchi. Ofisi ilinuka vumbi la faili na rangi mpya. Mama yule alimkalisha, akasogeza viti, akasogeza tena. Kisha akamwambia. Katika hesabu hakupita hata mmoja. Masomo mengine wamejitahidi, lakini bila hesabu hakuna anayeendelea.

Mwalimu alisema wamekosea karatasi. Alisema kwa utulivu kabisa, wamechanganya na shule nyingine, jambo hilo hutokea. Mama yule akamsomea taarifa ya wasahihishaji. Ilikuwa fupi. Ilisema watahiniwa wa shule hii karibu wote hawajui kipeo kinakaa wapi. Wanaandika eksi mbili wakimaanisha eksi mara eksi. Wameombwa mfano wa polinomia ya daraja la nne wakatoa ya daraja la kwanza. Kila hatua ya kazi yao imeandikwa hivyo, na haikuwezekana kuwapa alama.

"Watoto wangu?" Mwalimu alisema. "Hilo kosa mimi nalikata mpaka karatasi inatoboka. Wewe unajua. Nililikata kwako."

"Najua, Mwalimu."

"Toa daftari. Lolote."

Alisikia kabati linafunguliwa, karatasi zinageuzwa. Mama yule alisema hili ni la kiranja. Akaanza kusoma: tatu, eksi, mbili, jumlisha. Mwalimu alikuwa ameinua kiganja.

"Ngoja. Hiyo mbili iko juu au chini?"

Mama yule aliinamia daftari. Kiti chake kililia.

"Iko chini, Mwalimu."

"Na inayofuata?"

"Chini."

"Nimeweka nini hapo?"

"Umeweka vema."

Aliuliza ukurasa mwingine, na mwingine, akawa anauliza kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, mpaka mama yule akafunga daftari akamwambia ni zote, Mwalimu, tangu mwaka jana, zote, na kote umeweka vema. Hapo ndipo alipoelewa mambo mawili kwa pigo moja, na hakujua lipi limtangulie: kwamba macho yake hayakupona hata siku moja, na kwamba angekuwa yeye ndiye msahihishaji wa taifa, mzima wa macho, angewakata watoto wale vile vile walivyokatwa. Hakuwa na wa kumlaumu. Aliuliza kama wanaweza kurudia. Akaambiwa wenye uwezo watalipa na kurudia mwaka kwingine. Aliuliza wasio na uwezo je. Nje, kwenye benchi, mkewe alisikia ukimya ule akasimama.

Siku kadhaa hakula. Mkewe alimlisha kwa maneno, kwa matusi madogo madogo ya mapenzi, akamwita jogoo aliyenyeshewa, hakucheka. Kisha akasema anataka kwenda kwa fundi. Mkewe alimwambia wewe huna la kumwambia yule mwanamke. Akasema najua sina.

Chumba cha fundi kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, cherehani mbili mbele karibu na mlango. Mwalimu alizisikia zote mbili zinakwenda, moja ya haraka yenye mkono mzoefu, nyingine inakwenda na kusita, inakwenda na kusita. Alijua ile inayosita ni ya nani. Alipotokea mlangoni zikanyamaza zote.

Kiranja alimwamkia, shikamoo Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. Alimpa kiti. Fundi alimkaribisha kwa heshima, akamwambia mke wa Mwalimu apite akae kitandani, kisha akachukua pindo la nguo akaendelea kulikunja kwa mkono. Hakuwa na hasira. Mwalimu angependa awe na hasira.

Alimuuliza binti kwa nini.

"Tulikuwa tunakuandikia wewe, Mwalimu," alisema. Alimweleza ya dirishani, na ya darasani, walivyokubaliana. Alisema kwenye mtihani alikumbuka. Ukurasa wa kwanza wote aliandika ndogo, juu, begani. Halafu muda ukambana, akaanza kukimbia, na mkono ukarudi kwenye mazoea bila yeye kujua. Alipogeuza karatasi aone alichofanya, kengele ilikuwa imelia. Wenzake wengine hawakukumbuka kabisa. Wengine walikuwa wameshaamini kwamba haina tofauti.

"Kwa sababu nilikuwa naweka vema," Mwalimu alisema.

Binti alishika gurudumu la cherehani.

Mtaani mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Kisha Mwalimu akauliza kama kuna chaki. Binti akamwambia ipo ya fundi, ile bapa ya kuchorea nguo. Mwalimu akamwambia aandike kwenye kitambaa, popote, eksi yenye mbili begani. Aiandike ndogo. Aiandike inavyotakiwa.

"Mwalimu, hiyo ni sketi ya watu," fundi alisema bila kuinua kichwa. Kisha baada ya kitambo: "Mwandikie kwenye kipande."

Kilisikika kipande kinavutwa kutoka kwenye kikapu, kinanyooshwa juu ya meza kwa kiganja. Chaki ikakwaruza mara mbili, ikatulia, ikakwaruza tena kidogo sana.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ndogo?"

"Ndogo."

Mwalimu alishika kile kitambaa kwa mikono yote miwili, akakileta karibu na uso mpaka kikamgusa pua. Akakigeuza kwenye upande wa mlango unakotoka mwanga. Akasogeza kichwa polepole, kushoto, kulia, juu, akitafuta ndani ya lile tundu lake, na tundu lilikuwa limeziba. Hakuona eksi. Hakuona hata kama kitambaa kina rangi gani. Mke wake kule kitandani alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

Tangu aanze kazi hakuwahi kuweka vema mahali ambapo hakupaona mwenyewe, au mkewe hakumwonea. Hata mwaka ule wa mwisho, alichokiwekea vema alikiona.

"Vema," alisema.

Alikirudisha kitambaa, na binti akakipokea. Kuondoka kwake hakukuwa na maneno mengi. Mkewe alimwongoza akakanyaga kizingiti, akainama kukwepa boriti ya mlango ambayo haikuwa chini hata kidogo. Walipofika kwenye kona, nyuma yao cherehani ya kwanza ilianza, mbio, na baada yake ya pili, inakwenda na kusita. Mke wake alimwambia taratibu, hapa kuna ngazi. Akauliza ni juu au chini. Mkewe akamshika mkono vizuri zaidi.